Jamaa wa mguu mmoja anayenidai dola 2 kila Septemba

Jamani kila ikifika katikati ya Septemba mwanangu anarudi toka shule na kikaratasi, mwaka huu yuko darasa la pili, ananiambia baba kesho nataka tuni ya Terry. Tuni ndo sarafu ya dola 2 huku. Mwaka wa kwanza nilipofika hapa Hamilton, Kanada, nikajua ni michango tu kama ile yetu ya madawati, nikatoa huku nanung'unika, wala sikuuliza huyo Terry ni nani.

Mimi ni mtu wa michezo, Simba damu, kwa hiyo majina ya huku niliyashika haraka. Gretzky wa hoki ya barafu, pointi 2,857, kazini wiki haiishi hujamsikia. Donovan Bailey mzaliwa wa Jamaika, sekunde 9.84 pale Atlanta 1996. Alphonso Davies, dogo kazaliwa kambi ya wakimbizi Buduburam kule Ghana, ndo kaja kuwafungia wanaume wa Kanada goli lao la kwanza kabisa la kombe la dunia, Qatar 2022 dhidi ya Croatia. Na Mohammed Ahmed, Msomali aliyeishi Kenya utotoni kabla ya kuja huku, ana fedha ya mita 5,000 ya Olimpiki ya Tokyo, ingawa siku ile nilikuwa namshangilia Cheptegei wa Uganda aliyempiga, jirani ni jirani bana. Hao wote nawaelewa, kuna kitu wameshinda. Terry Fox nilikuwa simuelewi kwa sababu hana medali ya Olimpiki, hana rekodi ya dunia, na mbio yenyewe inayomtangaza hakuimaliza. Halafu kumbe mwaka 2004 televisheni ya CBC ilipigisha kura ya Mkanada mkubwa kuliko wote, Terry akawa wa 2 na Gretzky wa 10. Nikasema hapa kuna jambo.

Aliyenifungua macho ni bibi mmoja kazini. Nafanya nyumba ya wazee, zamu ya usiku, na huyu bibi usingizi hana kabisa, saa nane za usiku utamkuta amekaa kitandani anataka chai na stori. Nikamwambia mwanangu kesho shuleni anakimbia mbio za Terry, ndo ile tuni inakoenda. Akaniangalia, akasema mimi nilimwona. Kiangazi cha 1980, yeye na mume wake walisimamisha gari kando ya barabara karibu na Sudbury wakamsubiri. Akachukua kijiko akagonga kwenye meza, tap-tap, tuu. Tap-tap, tuu. Akaniambia ndivyo alivyokuwa anakimbia, mguu mzima unaruka mara mbili, wa bandia unatua mara moja, maana miguu ya bandia ya wakati huo ilikuwa ya kutembelea tu, mpaka ujirudishe mbele ndo uukanyagie, kwa hiyo lazima uruke kidogo kuusubiri. Alirudia hicho kijiko mpaka mwenzangu wa zamu akachungulia mlangoni kuona kuna nini.

Siku ya pili nikakaa nikasoma vizuri. Alikuwa mcheza basketi chuo cha Simon Fraser kule British Columbia, mwaka 1977 akiwa na miaka 18 wakamkuta na saratani ya mfupa, mguu wa kulia ukakatwa juu ya goti. Akaambiwa nafasi ya kupona ni asilimia 50, na kwamba angeugua miaka miwili nyuma ingekuwa asilimia 15. Hiyo tofauti ililetwa na utafiti, na ndo maana pesa alizokuwa anatafuta zilikuwa za utafiti. Tarehe 12 Aprili 1980 akachovya mguu wa bandia kwenye Atlantiki pale St. John's akaanza kuelekea magharibi, avuke Kanada nzima mpaka Pasifiki, rafiki yake Doug Alward anamfuata na gari. Lengo kilomita 42 kwa siku, yaani marathoni kila siku ya Mungu, kipande cha mguu kinavuja damu kwenye soketi. Kuna sehemu walikuwa hawapati hata senti, madereva wanampigia honi atoke barabarani, halafu wanafika Port aux Basques, mji wa watu kama 10,000, unachanga zaidi ya dola 10,000.

Siku 143, kilomita 5,373. Nimepiga hesabu: toka Dar nenda Mwanza, rudi, nenda tena, rudi tena, na bado hujazifikisha. Tarehe 1 Septemba karibu na Thunder Bay kifua kikamkataa, saratani ilikuwa imeshafika kwenye mapafu. Alikuwa anataka dola moja kwa kila Mkanada, walikuwa kama milioni 24, na Februari 1981 mfuko ukafika milioni 24.17. Akafariki Juni 28, umebaki mwezi atimize miaka 23. Septemba hiyohiyo watu kama 300,000 wakatoka kukimbia kwa jina lake, na mpaka leo zimeshapita dola milioni 850.

Sasa mwaka huu shule imetoa na stika, imeandikwa nakimbia kwa ajili ya, halafu nafasi tupu. Mtoto ananiuliza baba niandike nani. Mama yangu alienda na saratani ya kizazi, tulimpeleka Ocean Road, hospitali ya saratani pale Dar, tumeshachelewa, na kwenye msiba watu wote tuliwaambia ni vidonda vya tumbo. Mpaka leo mtaani wanajua vidonda vya tumbo. Nikamwambia andika Bibi. Akaandika kwa herufi kubwa, B moja imegeuka.

Nikampiga picha nikairusha kwenye grupu la familia. Dada yangu mkubwa akapiga hapohapo, mkali, we unaanika ugonjwa wa mama kwa wazungu? Nikamweleza habari ya Terry yote, na kijiko cha yule bibi wa kazini nikamgongea kwenye simu. Akanyamaza.

"Sasa huyo kijana alifika?"

"Hakufika, dada."

Akanyamaza tena, nikadhani mtandao umekata. Halafu akasema ile picha niipige upya, jina la mama halisomeki.