Ninavyojibu takwimu za "kabila fulani ndio wezi"

Wizi ukizidi hapa Kisumu, haukawii kuja ujumbe wa WhatsApp: "Asilimia 70 ya waliokamatwa ni wa kabila fulani." Una jedwali, hauna jina la aliyeliandaa. Nimejibu nyingi za aina hii, na swali langu la kwanza huwa moja: hiyo safu ya kabila imetoka wapi? Takwimu za polisi ambazo KNBS, shirika la takwimu la taifa, huchapisha kila mwaka hupangwa kwa aina ya kosa na kwa kaunti. Kabila halimo. Basi aliyetoa asilimia hiyo ama ameitunga, ama amehesabu majina kwenye orodha ya kesi mahakamani. Na majina ya huku hayatoshi kuwa ushahidi: Ouma anaweza kuwa Mjaluo, anaweza kuwa Msamia wa Busia.

Hata tukikubali kwamba hesabu ya majina ni sahihi, nauliza jamii hiyo ni wangapi. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo huwa naandika mfano mzima. Chukua kata yenye watu 50,000, jamii moja ikiwa 40,000. Wamekamatwa 20, na 14 ni wa jamii hiyo. Ni kweli, hiyo ni asilimia 70. Lakini jamii yenyewe ni asilimia 80 ya wakazi. Ukigawanya kwa idadi ya watu, wao ni 35 kwa kila 100,000, na wale wengine ni 60. Usikimbilie sasa kuwageuzia wengine kidole! Watu 20 ni wachache mno, na msako wa usiku mmoja unaweza kupindua hesabu yote. Halafu namalizia na namba ambayo jedwali huificha: kati ya wale 40,000, watu 39,986 hawakukamatwa.

Kwa sababu hiyo hiyo usilinganishe Nakuru, yenye watu 2,162,202 kwa sensa ya 2019, na Kisumu yenye 1,155,574 kwa idadi tupu ya kesi.

Kukamatwa nako si kuhukumiwa. Kesi za chang'aa, pombe kali ya kienyeji, huongezeka polisi wanapoingia mtaani na hupungua wasipoingia, hata kama wapikaji ni wale wale. Mtaa wa mabanda ukifanyiwa msako kila wiki na mtaa wa mageti usiguswe, takwimu zitaonyesha polisi walikopita.

Kuna wanaoleta jedwali la Marekani kuthibitisha kwamba rangi ya mtu inaeleza uhalifu. Mwezi wa Novemba 2015 Donald Trump alisambaza picha iliyodai kwamba asilimia 81 ya Wazungu waliouawa waliuawa na Weusi. Ofisi ya San Francisco iliyotajwa kama chanzo haikuwepo. Takwimu za FBI za 2014 zilionyesha asilimia 82 waliuawa na Wazungu wenzao, na 15 na Weusi. Watu wengi huuawa na jirani, jamaa au mtu wanayemfahamu, na makazi ya kule yametengana kwa rangi.

Jibu lenyewe naliandika fupi. Naanza na namba sahihi na sirudii kichwa cha uongo, maana anayepitisha macho tu atabaki na kichwa hicho. Aliyetuma akiwa mtu mzima, namfuata pembeni: "Mzee wangu, shikamoo. Ile hesabu ya jana, naomba unitumie ripoti ilimotoka." Mbele ya watu atajitetea, akiwa peke yake mara nyingi huufuta ujumbe.

Ujumbe ukiita watu wafukuzwe, siendelei na hesabu. Tunajua ghasia za baada ya uchaguzi zilivyokuwa Nakuru Januari 2008. Napiga picha ya skrini yenye namba ya aliyetuma, tarehe na saa, kabla haujafutwa, kisha naipeleka NCIC, tume ya taifa ya uwiano na utangamano. Sheria ya mwaka 2008 iliyounda tume hiyo inaadhibu uchochezi wa kikabila, na picha isiyo na tarehe wala namba haiwasaidii sana wachunguzi.