Mwaka wangu wa sauti za jazi

Katika mwaka uliopita nimewasikiliza waimbaji wa jazi kuliko wanamuziki wengine wowote, na nikizitazama albamu nilizozirudia mara kwa mara naona zina sifa moja inayoziunganisha: waimbaji wake wanayapa maneno uzito uleule wanaoipa sauti. Mimi nimekulia kwenye taarabu, ambako msikilizaji huyapima mashairi kwanza ndipo amtunze mwimbaji, na pengine ndiyo sababu albamu yenye sauti nzuri tupu hainikai moyoni. Si zote zilizotoka juzi. Baadhi zina miaka kadhaa, ila kwangu ni ngeni.

Iliyonishika zaidi ni Portrait ya Samara Joy, iliyotoka Oktoba 2024. Binti huyu wa Bronx, New York, alizaliwa mwaka 1999 katika ukoo wa waimbaji wa injili, na mwaka 2023 alitunukiwa Grammy ya msanii bora mpya, tuzo ambayo watu wa jazi huipata kwa nadra sana. Baada ya ushindi wa namna hiyo angeweza kurudi na nyimbo nyepesi zilizozoeleka, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye aliingia na wanamuziki saba katika studio ya Van Gelder huko New Jersey, ileile aliyorekodia mpiga saksafoni John Coltrane, akatoka na nyimbo nane ambamo sauti yake mara nyingi husimama katikati ya tarumbeta, tromboni na saksafoni kama ala mojawapo. Ninaourudia kila mara ni "Reincarnation of a Lovebird", tungo ya mpiga besi Charles Mingus ambayo Joy ameiandikia mashairi yake mwenyewe. Anauanza peke yake, bila ala hata moja, akipanda na kushuka katika melodia yenye miruko mipana, na sauti ikienda upogo hata kidogo hapana pa kuificha. Ala zinapoingia zinamkuta palepale anapotakiwa kuwa. Ameitilia maneno pia tungo ya Barry Harris, mpiga piano aliyefariki Desemba 2021 ambaye Joy aliwahi kuhudhuria madarasa yake, na katika maneno hayo nasikia shukrani ya mwanafunzi kwa mwalimu.

Esperanza Spalding anajulikana zaidi kwa besi, lakini katika Alive at the Village Vanguard, iliyorekodiwa katika klabu hiyo ya New York mwaka 2018 na kutolewa Januari 2023, ameiacha besi akaimba tu, akisindikizwa na piano ya Fred Hersch. Sikilizeni anavyoushughulikia "Girl Talk", wimbo wa miaka ya 1960 unaoyachukulia mazungumzo ya wanawake kuwa porojo. Anauimba kidogo, anausimamisha, anauhoji mstari baada ya mstari kwa maneno anayoyabuni papo hapo, kisha anarudi kwenye melodia bila kuupoteza mdundo, huku Hersch akimfuata kila anakogeukia na wasikilizaji wakicheka. Kwa maoni yangu hilo ni jambo gumu kuliko kupandisha sauti juu, kwa kuwa mwimbaji analazimika kufikiri, kusema na kuimba kwa wakati mmoja mbele ya watu.

Mélusine ya Cécile McLorin Salvant, ya mwaka 2023, inadai utulivu zaidi. Imejengwa juu ya hekaya ya kale ya Ufaransa ya mwanamke ambaye kila Jumamosi nusu ya mwili wake hugeuka nyoka, na mumewe amekatazwa kumwona siku hiyo. Sehemu kubwa ni Kifaransa, lakini shairi moja la karne ya 12 analiimba kwa Kioksitani, lugha ya zamani ya kusini mwa Ufaransa, na kwa Krioli ya Haiti, nchi ya baba yake, na mimi niliona ujasiri mkubwa katika kuikutanisha lugha ya nyumbani na maneno ya zamani kiasi hicho.

Lean In ya Gretchen Parlato na mpiga gitaa Lionel Loueke wa Benin naitaja kwa ufupi, kwani raha yake iko zaidi katika mdundo na pumzi.

Ama Zenzile ya Somi, mwimbaji wa Marekani mwenye wazazi kutoka Rwanda na Uganda, ilitolewa tarehe 4 Machi 2022, siku ambayo Miriam Makeba angetimiza miaka 90. Wageni walioalikwa ni wengi kuliko ninavyopenda, ingawa mwimbaji wa jazi Gregory Porter ameimba kwa staha. Somi haigi sauti ya Makeba. Anazivunja nyimbo za Makeba na kuzijenga upya kwa mwendo wake mwenyewe. Sisi tuliomzoea Makeba kupitia "Malaika" tuna tabia ya kumkumbuka kwa utamu wa sauti yake, tukausahau uhamisho wake na nyimbo alizowaimbia wafungwa wa ubaguzi wa rangi. Albamu hii inaurudisha upande huo, na ndiyo ninayomkopesha kwanza rafiki anayeniambia kwamba jazi ya kuimbwa haimhusu.