Nyumba ya Mji Mkongwe: kwanza maji, saruji iacheni dukani

Ukuta wa nyumba ya zamani Mji Mkongwe, Unguja, ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, unene wake nusu mita au zaidi. Ukuta huu hunywa maji na kuyatoa. Mvua za masika zikiulowesha, jua na upepo huukausha kupitia lipu ya chokaa. Ukiupiga lipu ya saruji, maji hukosa pa kutokea. Hupanda juu kwa ndani, na chumvi huganda nyuma ya lipu mpaka iisukume. Gonga kwa kidole: pakilia kama ngoma, lipu imeshaachana na jiwe. Ibandue utakuta chokaa imekuwa unga, inamwagika kama mchanga.

Kwa hiyo kabla hujanunua marumaru, panda paani. Ziba bati lililotoboka, safisha mifereji, maji yamwagike mbali na msingi. Halafu bandua saruji yote, uuache ukuta ukauke miezi kadhaa. Fundi atakuharakisha, mkatalie.

Kwa lipu mpya, chokaa iliyolowekwa mwezi au zaidi, sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi. Lowesha ukuta, piga tabaka jembamba la kama sentimita 1, ulinyunyizie maji siku kadhaa ndipo upige la pili. Likikaushwa na jua hupasuka. Malizia kwa kupaka chokaa. Rangi ya plastiki itaziba tena ulichokifungua.

Boriti za mikoko huoza kwenye ncha zilizoingia ukutani. Zichome kwa bisibisi: ikizama, badilisha boriti hiyo. Wengi huzing'oa zote na kumwaga zege. Ni kosa kubwa: uzito huelemea kuta, na nondo zikipata unyevu na chumvi hushika kutu, huvimba na kupasua zege na ukuta.

Choo kipya cha ghorofani kiweke juu ya choo cha chini, mabomba yashuke wazi upande wa uani. Bomba lililofukiwa ukutani likivuja, utajua boriti zikishaoza. Michoro ya kazi yote hii ipelekwe Mamlaka ya Mji Mkongwe kuombewa kibali kabla nyundo ya kwanza haijagonga, kwani mji uko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2000.