Nilivyojifunza kumtambua nyuki wa kale kwa bawa lake tu

Kwetu Iringa ukisema nyuki mkubwa anayevuma kwa nguvu, kila mtu anamfikiria yule mweusi anayetoboa boriti. Bombusi ni nyuki mwingine kabisa, mwenye manyoya mazito, na kusini mwa Sahara hayupo. Wa kwanza nilimwona Ubelgiji nikisoma uzamili: mnene, mweusi tii, kitako chekundu kama kaa la moto. Kabla ya mwaka kuisha nilikuwa na picha ya ndugu yake aliyekufa yapata miaka milioni 10 iliyopita, na kazi yangu ilikuwa kusema ni wa ukoo gani.

Aliye hai hana shida kubwa. Spishi zinakaribia 260, zimegawanywa katika jenasi ndogo 15, yaani koo ndani ya jenasi moja ya bombusi, na wataalamu huangalia rangi za manyoya, urefu wa shavu, na hasa viungo vya uzazi vya dume. Kwenye jiwe huvipati hivyo. Rangi imekwenda na mwili umebondwa. Bawa ndilo linalosalimika, kwa sababu lilikuwa bapa tangu nyuki yuko hai. Tope likililalia halina unene wa kupoteza. Kisukuku changu, yaani mabaki ya kale yaliyohifadhiwa ndani ya jiwe, Bombus cerdanyensis, kilitoka La Cerdanya nchini Hispania na kilipewa jina mwaka 2014. Mishipa yake inasomeka kama mistari ya kiganja.

Mbinu yenyewe ni hii. Unachukua picha ya bawa la mbele, unaweka nukta kila mahali mishipa inapokutana, mimi niliweka 18, kwa programu ya tpsDig iliyoandikwa na F. James Rohlf. Kisha hesabu inayoitwa Procrustes huyaleta mabawa yote mahali pamoja, huyasawazisha ukubwa, na kuyazungusha hadi nukta zikaribiane kadiri inavyowezekana. Tofauti inayobaki ni ya umbo peke yake, ndiyo maana malkia mkubwa na mfanyakazi mdogo wanaweza kuwekwa kwenye mizani moja.

Mchoro wangu wa kwanza, ambamo kila bawa ni alama moja na yanayofanana hukaa karibu, ulinifurahisha mno. Nyuki wa sasa niliowapiga picha makumbusho walijigawa katika mawingu mawili yaliyoachana wazi, nami nikaamini nimeona tofauti ya dume na jike. Nilianza hata kuiandika. Siku ya pili nikafungua picha moja moja na kukuta wingu lile dogo lote ni mabawa ya kushoto. Hesabu niliyoitumia huzungusha bawa, lakini hailipindui kama kioo kinavyopindua uso. Nikayageuza yote yawe ya kulia, na mawingu yakawa moja. Tangu hapo, neno la kwanza katika jina la kila faili langu ni upande wa bawa.

Iliyonisumbua zaidi ni mkono wangu. Nilichukua mabawa ishirini, nikayawekea nukta Jumatatu, nikarudia Alhamisi bila kutazama za mwanzo. Nukta nyingi zilirudi palepale, ila pale mshipa unapogusa lile doa nene la ukingo wa mbele, niliyumba vibaya. Siku moja nilibofya ukingo wa mshipa, siku nyingine katikati yake. Kwa jicho ni unywele. Lakini jenasi ndogo mbili zinaweza kutofautiana kwa unywele huohuo. Nikajiwekea sheria: katikati ya makutano daima, ukuzaji uleule wa picha, na mabawa yachanganywe ili uchovu wa jioni usiangukie kundi moja. Nikaanza upya yote. Wiki tatu zilikwenda, na sizijutii, kwa maana kila hesabu iliyofuata ilisimama juu yake.

Baada ya hapo ndipo nilipotambua mtego ambao ningependa kila anayeanza auone mapema. Hesabu ya kugawa makundi lazima ijibu. Ukiipa makundi 15 na bawa moja, italitupia bawa hilo katika mojawapo, liwe linafanana nalo au halifanani. Nikaijaribu kwa bawa la nyuki wa asali wa kawaida. Ikalipa jenasi ndogo ya bombusi bila kusita, na kwa uhakika wa asilimia mia. Nilikaa nikiitazama ile namba. Basi nikabadili utaratibu: kwanza kisukuku kishindanishwe na nyuki wa makabila mbalimbali, yaani makundi makubwa kuliko jenasi, kijulikane kama kweli ni bombusi, ndipo kiende kwenye jenasi ndogo, na hapo nisisome jina tu, bali nipime kama kimo ndani ya wingu la kundi hilo au kimesimama mbali nalo.

Cerdanyensis aliingia ndani ya wingu la Melanobombus, mojawapo ya zile jenasi ndogo 15. Watafiti waliochapisha mwaka 2019 mapitio makubwa ya visukuku vya bombusi walimweka hapohapo, na nilipousoma tena ukurasa ule nikiwa na mchoro wangu pembeni, nilisimama kitini. Kisha nikampima Calyptapis florissantensis, kisukuku kingine cha Colorado, Marekani, mwenye umri wa miaka kama milioni 34. Yeye alikataa makundi yote. Watafiti wale nao waliona vivyo hivyo: hakuna kisukuku cha Eosini au Oligosini, vipindi vya kale zaidi, kilichoingia katika jenasi ndogo ya leo, ilhali kadhaa vya Miosini, kipindi kilichofuata, viliingia. Kwa maoni yangu, huyo aliyekataa ana thamani kuliko aliyekubali, maana ni tawi la chini ya mti, kabla koo za leo hazijaachana.

Yule mwenye kitako chekundu ni Bombus lapidarius, naye ni Melanobombus. Mwezi Agosti nilimkuta mmoja amekufa dirishani. Nikakata bawa lake la kulia, nikaliweka chini ya hadubini kando ya picha ya Hispania: chumba kirefu cha ukingoni, na chini yake vyumba vitatu vimepangana, cha kati kikiegemea upande uleule.