Kubana data za DNA za samaki wa Tanganyika bila kupoteza cha maana: ninavyofanya hapa Kigoma

Kipande cha pezi la kuhe kimoja, kimekatwa mwaloni Kibirizi na kuwekwa kwenye spiriti, kikisomwa kwa kina cha mara 20 (kila sehemu ya DNA inasomwa wastani mara 20) kinarudi kama faili za FASTQ, yaani faili za maandishi zenye herufi za DNA zilizosomwa, karibu GB 50 zikifunguliwa. Jenomu (DNA nzima) za jamii hii ya samaki zina herufi kama bilioni 1. Zidisha kwa 20, na kila herufi ina alama yake ya ubora (mashine ina uhakika kiasi gani na herufi hiyo), hapo tayari ni GB 40. Zilizobaki ni majina ya visomo, yaani vipande vifupi vya DNA ambavyo mashine husoma, jina moja kwa kila herufi 150.

Gzip, programu ya kawaida ya kubana faili, inasaidia, lakini kwa kazi hii ni kipofu. Inakumbuka nyuma KB 32 tu, yaani kama visomo 90 vya herufi 150. Visomo viwili vya sehemu moja ya kromosomu hukaa mbali mamilioni ya mistari, kwa hiyo haioni kwamba vinafanana. Kuongeza nguvu hadi -9 kunakula muda na faida yake ni kiduchu.

Kwa hiyo kwanza napanga visomo kwenye jenomu rejea (jenomu ya samaki wa jamii hiyo iliyokwisha kuunganishwa) kwa programu ya bwa mem, naviweka kwa mfuatano wa kromosomu kwa samtools sort, napata faili ya BAM, kisha naigeuza kuwa CRAM, aina ya faili iliyobanwa zaidi:

samtools view -T rejea.fa -O cram,version=3.1,archive -o kuhe.cram kuhe.bam

CRAM haihifadhi herufi zinazolingana na rejea. Inahifadhi mahali kisomo kilipokaa na pale kinapotofautiana. Ndiyo maana rejea iliyo karibu na samaki wako ni bora. Kwa samaki wa ziwa letu, sato wa Nile (Oreochromis niloticus) ni jamaa wa mbali kidogo. Astatotilapia burtoni au Neolamprologus brichardi, ambazo jenomu zake zilichapishwa mwaka 2014, zinaweza kulingana zaidi kutegemea spishi uliyo nayo. Ila usitarajie miujiza kwenye kubadilisha rejea peke yake, maana baada ya hatua hii mzigo mkubwa ni alama za ubora.

Mashine za zamani za kusoma DNA za Illumina hutoa ngazi karibu 40 za ubora, na kila alama inaweza kula zaidi ya biti 5. NovaSeq, mashine yao mpya zaidi, hutoa ngazi 4 tu, yaani biti 2 au pungufu. Ukiwa na data za NovaSeq, ziache kama zilivyo. Jambo linalowapita wengi: ukizipitisha kwenye urekebishaji wa ubora wa GATK (programu ya kutafuta tofauti za DNA), zile ngazi 4 zinatawanyika tena kuwa nyingi, na faili inavimba. Ukiamuru ihifadhi na alama za awali kwenye OQ (sehemu ya ziada ya kila kisomo), unabeba seti mbili. Mimi nahifadhi faili ya kabla ya urekebishaji. Ule unaweza kurudiwa wakati wowote.

Kwa data za ngazi 40, kupunguza hadi 8 ni kupoteza kweli, hata kama kidogo. Kwa samaki mmoja aliyesomwa mara 30 nakubali, lakini kwanza natafuta tofauti za DNA kwa programu ya bcftools kabla na baada ya kupunguza, kisha nalinganisha orodha hizo mbili kwa bcftools isec. Kwa kina cha mara 5, au sampuli ya samaki wengi waliochanganywa, sigusi kitu: hapo herufi moja adimu inaaminiwa au kukataliwa kwa alama yake ya ubora.

Visomo visivyopata mahali kwenye rejea navyo vinabaki. Kwenye pezi kuna bakteria na vimelea, na kuna vipande vya kuhe ambavyo samaki wa rejea hana. Ukiweka -F 4 kwenye samtools view ili kuokoa nafasi, umevitupa. Vilevile visomo rudufu (kipande kile kile cha DNA kilichosomwa zaidi ya mara moja) vitiwe alama tu, visifutwe, na data ya akiba iwe ile ambayo haijakatwa adapta, yaani vipande vya DNA vinavyobandikwa maabara kabla ya kusoma.

Sasa kuhakiki, kabla hujafuta FASTQ. Samtools quickcheck inaonyesha kama mwisho wa faili upo. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, ndipo utajua. Lakini haisemi kama yaliyomo ni yale yale. Natoa visomo kutoka CRAM kwa samtools fastq -n, kila kisomo nakiweka mstari mmoja (jina, herufi, ubora), napanga kwa LC_ALL=C sort, napata md5 (namba fupi inayobadilika yaliyomo yakibadilika hata kidogo). Nafanya hivyo hivyo kwa FASTQ ya awali. Kwenye jina chukua neno la kwanza tu, kwa sababu bwa hudondosha maelezo yaliyo baada ya nafasi, na md5 zitagombana bure. Kama una haja na maelezo hayo, yaweke kwenye faili ndogo pembeni. Sort nayo huandika faili zake za muda kwenye /tmp. Ielekeze kwenye diski yenye nafasi kwa -T, la sivyo itakufa katikati.

Rejea ni sehemu ya data. Kila kromosomu ina md5 yake kwenye kichwa cha CRAM, na ukibadilisha hata herufi moja ya rejea, samtools inagoma kusoma sehemu hiyo ya faili. Kwa hiyo rejea inakaa folda moja na CRAM, kwenye diski zote mbili ninazotunzia data. Nikimtumia mtu wa mbali faili moja naongeza embed_ref=1, rejea inaingia ndani: kwa herufi bilioni 1 ni kama MB 250, kidogo mbele ya faili yenyewe. Pia namuuliza kwanza samtools yake ni ya lini. Za zamani hazisomi toleo la CRAM la 3.1, hapo natoa 3.0. Kutuma ni kwa rsync --partial (programu ya kunakili faili kupitia mtandao), ili bando likikata isianze upya.