Hatua ya sita inayorukwa jumuiyani

Tumsifu Yesu Kristo.

Jumuiya zetu ndogondogo za Kikristo huku kusini mwa Tanzania, kuanzia Mikindani mpaka Nachingwea, zinasali vizuri. Rozari inasaliwa, nyimbo zinaimbwa, Injili ya Jumapili inasomwa. Panapopwaya ni baada ya mkeka kukunjwa. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1973 na kuweka jumuiya ndogondogo kuwa njia ya kulijenga Kanisa, hawakukusudia kikundi cha sala peke yake. Walitaka imani iishi pale watu wanapokaa, wanapolima na wanapouguliana.

Wengi tunatumia ile njia ya hatua saba iliyotoka Lumko, taasisi ya kichungaji ya Kanisa Katoliki huko Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma Injili, kuchagua neno na kulirudia, kimya, kushirikishana, kupanga kazi, kisha sala za kufunga. Saa moja inatosha kabisa. Katika hatua ya tatu mtu ataje maneno yaliyomgusa tu, polepole, bila kuyaeleza. Kimya kiwe dakika tatu hadi tano, na kiongozi atangaze muda huo mapema, la sivyo kabla ya dakika kuisha mtu ameshaanzisha wimbo. Hatua ya tano ndiyo mla muda. Mtu anaanza na "sisi Wakristo tunapaswa", anahamia kwa "vijana wa siku hizi", na hapo ni mahubiri. Kiongozi amrudishe kwa upole: baba, wewe mwenyewe neno hili limekugusa wapi? Asipofanya hivyo jua linazama, na hatua ya sita inageuka kuwa matangazo ya michango.

Hatua hiyo ya sita inataka vitu vinne: kazi moja, majina ya watu wawili, siku, na taarifa juma linalofuata. "Tumkumbuke bibi mgonjwa" si kazi, hiyo ni nia ya hatua ya saba. Kazi ni kusema Jumanne jioni fulani na fulani watampelekea bibi maji na kuni, na watamuuliza kama angependa komunyo. Wawe wawili kwa majina, maana kazi ya wote haina mwenyewe. Katibu aandike kwenye daftari, na juma lijalo kabla ya kufungua Injili aulize: imefanyika? Swali hilo moja linabadilisha jumuiya kuliko semina. Na kazi ya mikono itangulie mchango wa fedha. Kila neno la Mungu likiishia kwenye shilingi elfu moja, familia isiyo nayo itaacha kuja, nayo ndiyo iliyokuwa inahitaji kufikiwa.

Chukua Jumapili ya Kristo Mfalme, tarehe 22 Novemba 2026. Injili ni Mathayo 25, nilikuwa na njaa, nilikuwa mgonjwa. Huku kwetu hapo ni katikati ya msimu wa korosho. Kila kijiji kina mjane au mzee ambaye korosho zake zinalala chini ya mti kwa sababu hana wa kuokota. Zikinyeshewa zinaharibika, zinashuka daraja, na bei inashuka nazo. Watu sita wanaweza kumwokotea shamba dogo asubuhi moja, wakatenganisha na mabibo na kuzitandaza juani. Zikae siku mbili tatu, zigeuzwe, na jioni zifunikwe. Kisha mmoja asindikizane naye hadi ghala la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, aangalie mizani inavyosoma, na ahakikishe jina kwenye stakabadhi linalingana na la akaunti ya benki, kwa kuwa malipo ya mnada hupitia huko. Jina likikosewa herufi moja, fedha zinachelewa na mzee anabaki kuzungushwa ofisini. Hiyo ni Mathayo 25 iliyotendwa.

Korosho hizohizo ziongoze pia zaka. Mkulima akiahidi kwa mwezi, kuanzia Machi hadi Agosti ataonekana mdaiwa, ingawa mwezi wa Desemba angetoa vyote kwa furaha. Mhazini aandike ahadi kwa msimu kwa mkulima, kwa mwezi kwa mwenye mshahara, na mvuvi apangiwe kwa bamvua, zile siku za maji makubwa. Kusoma majina ya wadaiwa mbele ya watu kunawafukuza, hakuleti zaka.

Kwa wagonjwa, kosa kubwa ni kuchelewa. Bado watu wanadhani mpako wa wagonjwa ni wa kufia, wanamwita padre mgonjwa akiwa hasemi tena. Padre anaweza kumpaka hata aliyepoteza fahamu, lakini kuungama na kupokea komunyo kunakuwa kumeshapita. Aitwe ugonjwa unapokuwa mzito, au kabla ya upasuaji mkubwa. Nyumbani tayarisha meza ndogo, kitambaa cheupe, msalaba, mishumaa, maji ya baraka na glasi ya maji ya kunywa. Ile saa moja ya kufunga kabla ya komunyo haimbani mgonjwa, mzee wala anayemuuguza, kwa hiyo mgonjwa asinyimwe uji akimsubiri padre. Akipelekwa hospitali ya Ndanda au Nyangao, mtu wa jumuiya apeleke taarifa kwa padre anayehudumia hospitali. Wauguzi hawawezi kujua nani ni Mkatoliki.

Msiba ndio unaotupima zaidi, maana majirani zetu wengi ni Waislamu. Jirani Mwislamu akifiwa, mazishi mara nyingi huwa siku hiyohiyo, kwa hiyo usingoje kikao. Wanaume wasimame pembeni kwa heshima wakati wa sala ya maiti, kisha wapokezane kubeba jeneza na kutupia udongo. Wanawake wavae kanga na mtandio, waende jikoni na kwa wafiwa. Sala zetu za marehemu tusali kwetu. Pale pole inatosha. Msiba ukiwa wetu, mbuzi au kuku achinjwe na Mwislamu, na sufuria ziwe ambazo hazijapikiwa nguruwe, ili kila aliyekuja kuzika ale bila wasiwasi. Ikishindikana nyama, ugali kwa mbaazi unawatosha wote. Sufuria za kuazima zirudi zimesuguliwa kesho yake, na hiyo pia iwe kazi ya mtu mmoja kwa jina lake.