Nakato bila Babirye

Kila mtu katika hadithi hii anampenda Nakato. Mwalimu mkuu anampenda, kondakta wa teksi anamrudishia nauli, hata mbwa wa jirani anayebwekea dunia nzima akimwona yeye analala chini. Kwenye PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Uganda, alipata 4, alama bora kuliko zote. Anasema Kiganda, Kisoga, Kiswahili, Kiingereza, na Kifaransa alichojifunza peke yake chini ya mwembe. Bibi yake anakaribia kunyang'anywa kibanja huko Mukono. Nakato anaingia kwenye kikao cha LC1, baraza la kijiji, anasema maneno ya ukurasa mmoja na nusu, na mwenyekiti aliyekwisha kula hongo analia mbele ya watu.

Mwandishi ni mpwa wangu, binti wa kaka yangu, yuko S.5, mwaka wa tano wa sekondari. Amekuwa akinitumia sura moja moja kwenye WhatsApp, na jana usiku akauliza: "Ssenga, mwenzangu darasani anasema Nakato amezidi. Amezidi kweli?" Nyumbani kwetu tunasema Kiswahili tangu enzi za baba kuwa askari, tulipokaa kambini Jinja, lakini neno shangazi halikuwahi kukaa vinywani mwa watoto hawa. Mimi ni Ssenga. Kwa desturi Ssenga huulizwa mambo ya ndoa; mimi nimeangukiwa na wahusika. Nimelala nalo swali, leo Jumapili nimeamka nalo.

Wako wanaolipima jambo hili kwa kuhesabu. Mhusika ana sura nzuri, alama moja. Yatima, alama. Anaimba, anapigana, wanaume wawili wanamgombania, ongeza. Zikifika kadhaa, basi ameharibika. Lawama yenyewe ina historia. Mwaka 1973 huko Marekani, Paula Smith aliandika kihadithi cha kejeli katika jarida la mashabiki wa Star Trek, tamthilia ya televisheni ya safari za anga za juu, kuhusu Luteni Mary Sue, mwenye miaka kumi na mitano na nusu, luteni mdogo kuliko wote. Binti anawashangaza wakubwa zake, anakiokoa chombo, kisha anakufa, wote wanalia, na siku yake ya kuzaliwa inafanywa sikukuu humo chomboni. Smith alikuwa anazicheka hadithi nyingi za namna hiyo zilizokuwa zikiandikwa na mashabiki. Kejeli ilikuwa tamu mno, na jina la Mary Sue likageuka kuwa shtaka: mhusika wa kike akiwa hodari tu, anavishwa.

Nami nimejaribu kumpima Fumo Liyongo kwa hesabu hiyo. Jitu la miraba minne, mpiga upinde asiyekosa, mshairi, na juu ya yote hapenyeki na silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni. Amefeli vibaya kuliko Nakato. Lakini sijasikia msomaji wa utenzi wake, huu alioutunga Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, akilalamika kwamba Liyongo amezidi. Kwa nini?

Nadhani ni kwa sababu ya mkate. Liyongo akiwa gerezani nguvu zake hazimsaidii kitu. Anamtuma kijakazi Saada kwa mama yake kwa maneno ya fumbo, mama anaoka mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake, walinzi wanakula mikate mizuri na kuuachilia ule mbaya umfikie mfungwa. Bila mama kulielewa fumbo, bila Saada kwenda na kurudi, bila walinzi kuwa na ulafi wao, jitu lingeozea humo. Mfalme wa Pate naye anamwogopa kwa sababu zake mwenyewe. Na mwana wa Liyongo, anayeahidiwa cheo na binti wa mfalme, anavitaka vitu hivyo kiasi cha kuja na sindano. Watu wote hao wana shughuli zao. Liyongo ni mkubwa, lakini hajawala waliomzunguka.

Kwa hiyo mimi sitazami sana mhusika mkuu ana nini. Natazama waliosimama kando yake. Je, wana njaa yao, au wamewekwa pale wampigie makofi?

Kuna ndugu zetu walimu watakaonirushia Adili wa Shaaban Robert, maana shuleni tulifundishwa kumwita mhusika bapa, yaani asiyebadilika, na kuendelea na maisha. Jina lake tu limekwisha kumaliza kazi. Sikubali kwamba ni udhaifu. Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952, hakijifanyi habari za jirani yako wa mtaa wa Walukuba. Ni ngano yenye majini na ndugu waliogeuzwa manyani, na ndani ya ngano mtu anaruhusiwa kuwa jina lake. Isitoshe, huyo mwema kila usiku anawachapa mijeledi manyani wawili ambao ni nduguze wa damu, kwa sababu jini ameamuru, na anawachapa huku analia. Mimi picha hiyo inanisumbua mpaka leo. Wema wake umemfikisha mahali ambapo mkononi mwake mna mjeledi. Nakato wema wake haujamfikisha popote ila mbele ya watu wanaomshangilia.

Shida ni kwamba Nakato hayumo katika ngano. Yumo Mukono, kwenye kesi ya kibanja, na msomaji yeyote wa Uganda anajua kesi za namna hiyo zinavyokwenda. Mwenyekiti anaahirisha. Shahidi hafiki. Mwenye ardhi anakuja na wakili kutoka Kampala. Ukitumia mambo tunayoyajua, tutakudai uyafuate.

Nilipomdokezea hilo asubuhi, binti akanijibu haraka kwamba atamtia Nakato kasoro. Saa moja baadaye kasoro ikaja: Nakato sasa ni mkaidi kidogo, na anajikwaa akitembea. Nikacheka peke yangu jikoni. Hiyo ni chumvi iliyonyunyiziwa juu ya muhogo uliokwisha kuiva, haijaingia ndani. Amejikwaa mara mbili katika sura nzima, na mara zote mbili kijana mzuri amemdaka. Kasoro isiyomgharimu mtu chochote ni pambo jingine tu, kama hereni. Kintu na Nambi, wazazi wa kwanza katika masimulizi ya Baganda, walikatazwa kurudi nyuma walipokuwa wakishuka kutoka mbinguni. Nafaka ya kuku ilisahaulika, mmoja wao akarudi, na Walumbe, kaka yake Nambi, akawafuata mpaka duniani na kifo chake. Wengine husimulia kwamba aliyerudi ni Kintu, ingawa tangu utotoni mimi nimesikia zaidi akilaumiwa Nambi, na hilo halinishangazi. Vyovyote iwavyo, kosa lenyewe ni dogo, la mtu mwangalifu anayejali kuku wake, na bado tunalilipia kila tunapokwenda mazikoni.

Huyo mwenzake wa darasani, kwa taarifa, ni kijana anayeshinda Jumamosi kwenye kibanda cha video. Humo mwanamume mmoja mwenye bunduki isiyoisha risasi anaua kikosi kizima na shati lake halichaniki, VJ, yule mtafsiri wa filamu, anampigia kelele za sifa kwa Kiganda, na hakuna anayeinua mkono kuuliza kama amezidi. Msichana akijua lugha tano, kesi inafunguliwa. Nimemwambia mpwa wangu wazi: lugha zako usizipunguze hata moja. Mabinti wa mpakani Busia wanazo zaidi ya hizo na hakuna aliyewaandikia hadithi.

Nilichomwuliza mimi ni hiki: Babirye yuko wapi?

Maana Nakato ni doto, pacha wa pili kuzaliwa. Mbele yake alizaliwa mwenzake, Babirye au Wasswa, na katika kurasa zote nilizotumiwa hayupo, hajafa, hajasafiri, hatajwi. Mama yao anaitwa Mama Nakato kijiji kizima, wakati hapa mwanamke aliyezaa mapacha ni Nnalongo, na hakuna jirani atakayemwita vinginevyo. Mwandishi alilipenda jina, akalichukua, akaacha familia inayokuja nalo. Hapo ndipo nilipoona jinsi hadithi ilivyofagiliwa ili binti mmoja apate nafasi ya kung'aa. Ndugu ameondolewa kwa kuwa ndugu angekuwa na maneno yake. Angemjua Nakato alivyokuwa na miaka saba. Angeweza kukaa kwenye kikao kile kwenye benchi la nyuma na asishangilie.

Jibu halikuja upesi. Nimefua, nimepiga pasi sare za wiki, nimeanza kudhani amenuna. Jioni simu ikalia, ujumbe wa sauti wa dakika nne, sauti ya chini kwa sababu wenzake bwenini walikuwa wanalala na simu hairuhusiwi (baba yake asisome hapa). Babirye yupo, anasema. Aliacha shule S.2 ili ada itoshe mmoja. Anauza nguo za mitumba katika soko la Owino, Kampala. Na ile karatasi ya bibi ya kibanja, ambayo sura ya tatu ilisema tu kwamba "ilipotea" sandukuni, haikupotea: Babirye ndiye aliyempa dalali.

Nimeusikiliza ujumbe mara mbili. Kwa nini alimpa, binti bado hajaamua, anabadilika badilika kati ya hasira na deni. Mimi nina dhana yangu, lakini nimeiweka mfukoni, nisije nikamwandikia mimi.